Kupanda Hopsi Nyumbani Ndani ya Mifuko ya Kitambaa: Mwongozo kwa Mpangaji wa Nchi za Baridi

Hopsi ni mmea unaopanda kwa kujizungusha kwenye kamba au mti, na koni (maua yenye magamba) za mmea wake jike ndizo zinazoipa bia uchungu na harufu. Jina lake la kitaalamu ni Humulus lupulus, nao ni wa ukoo mmoja na bangi. Mashamba yake makubwa yako Hallertau, Ujerumani, na katika bonde la Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani. Mwongozo huu unawahusu wasomaji wanaoishi katika nchi hizo za kaskazini, hasa wale wa nyumba za kupanga, ambao hawaruhusiwi kuchimba uani au wanajua kwamba watahama kabla mmea haujakomaa.

Msomaji aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura afahamu mapema kwamba hopsi haitamfaa, hata akiipatia udongo na maji ya kutosha. Mmea huu huhitaji siku ndefu, za saa 15 hadi 16 za mwanga, ili urefuke vya kutosha, kisha siku zinapoanza kufupika ndipo huchanua. Karibu na ikweta, ambako mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, mmea hudhani kwamba wakati wa kuchanua umefika tangu ukiwa mfupi, ukatoa koni chache na kudumaa. Afrika Kusini hulima hopsi karibu na mji wa George, takriban nyuzi 34 kusini mwa ikweta, na hata huko wamelazimika kuzalisha aina zinazovumilia siku fupi. Ndiyo maana viwanda vya bia vya Afrika Mashariki huagiza hopsi kutoka nje.

Kwa nini kitambaa

Mifuko ya kupandia ya aina hii hutengenezwa kwa kitambaa kizito kisichofumwa, cha nyuzi za plastiki, kinachopitisha maji na hewa kila upande. Katika chungu cha plastiki, mzizi ukifika ukutani hugeuka na kuanza kuzunguka, na baada ya mwaka mmoja au miwili unakuta mizizi imejisokota pembeni huku katikati kukiwa na udongo usiotumika. Katika mfuko wa kitambaa, ncha ya mzizi ikifika pembeni hukutana na hewa, hukauka na kufa, nao mzizi huo hutoa matawi mapya nyuma yake, hivyo udongo wote ukapata mizizi midogo inayofanya kazi. Kwa hopsi kuna sababu ya ziada: mmea huu una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na ukiachwa ardhini huibuka katika bustani ya jirani usiyeomba ruhusa yake. Mfuko huyazuia, na siku ya kuhama unaubeba mmea pamoja na udongo wake.

Faida hizo zina gharama mbili. Kitambaa hukausha udongo haraka kuliko plastiki, na wakati wa baridi hakiikingi mizizi kama ardhi inavyoikinga. Sehemu kubwa ya kazi utakayoifanya kwa mwaka mzima inatokana na mambo hayo mawili, na asiyekuwa tayari kumwagilia maji kila siku mwezi Julai ni heri apande kitu kingine.

Kuchagua aina na kupata mbegu

Usianze na mbegu halisi za punje. Hopsi ina mimea dume na mimea jike, punje hazikuambii utapata ipi, na dume hazai koni. Tena dume akiwa jirani, koni za majike hujaa punje na ubora wake kupungua. Nunua kipande cha shina la chini ya udongo, kinachofanana na kipande cha tangawizi chembamba chenye macho, au mche uliokwisha kuota kwenye kikopo. Vipande huuzwa kuanzia Machi hadi Mei, na kipande kizuri ni kigumu, hakina ukungu, na kina angalau macho mawili meupe. Mche wa kikopo ni ghali zaidi, lakini ukinunuliwa kwa muuzaji anayethibitisha kwamba hauna virusi, unastahili bei yake.

Kwa mtu anayeanza ningependekeza Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, kwa kuwa hukua kwa nguvu, huvumilia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya kuliko aina nyingi za zamani, na hutoa mavuno ya kuridhisha hata kwa mkulima asiye na uzoefu. Tatizo lake ni urefu. Mwenye roshani ya kawaida atafute First Gold, aina ya kimo kifupi iliyozalishwa Uingereza, ambayo hutosheka na kamba ya mita 2.5 hadi 3. Saaz na Hallertau Mittelfrüh zina harufu nzuri, lakini hazizai sana nje ya mazingira yake, na ndani ya mfuko hali huwa ngumu zaidi.

Walioko Washington, Oregon na Idaho waangalie sheria kabla ya kuagiza, kwa sababu majimbo hayo, ambayo ndiyo yenye mashamba ya kibiashara, yana karantini inayodhibiti mimea ya hopsi inayoingia kutoka kwingine. Nunueni kwa wauzaji wa humo humo.

Mfuko, udongo na mahali

Mfuko mdogo kabisa unaofaa ni wa lita 60, na ukiweza kupata wa lita 75 hadi 100, sawa na galoni 20 hadi 25 za Marekani, utapumzika na mambo mengi. Panda mmea mmoja kwa kila mfuko. Chagua wenye vishikio vilivyoshonwa kwa nyuzi mbili na rangi isiyokolea, kwa kuwa mfuko mweusi juani hupata joto hadi mizizi ya pembeni ikaungua. Kabla ya kuujaza amua utakaa wapi, maana mfuko wa lita 75 uliolowa huweza kufikia kilo 50 na zaidi, nao si mzigo wa kuhamahama kila wiki. Kwa roshani, muulize mwenye nyumba uzito unaoruhusiwa, kisha uweke mfuko karibu na ukuta wa jengo badala ya ukingoni.

Mahali pawe na jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi, na pawe na nafasi ya kwenda juu. Upepo kidogo unasaidia kukausha majani baada ya mvua, lakini kona ya ghorofa inayovuma kutwa huchana machipukizi.

Udongo wa bustani usiutumie peke yake, kwa kuwa ukiwa ndani ya mfuko hugandamana. Changanya sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri, sehemu moja ya udongo wa miche unaouzwa madukani au vumbi la makumbi ya nazi, na sehemu moja iliyogawanywa kati ya pelaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) na udongo wa kawaida. Uchachu unaofaa ni kati ya pH 6 na 7. Lowesha mchanganyiko kabla ya kuutia mfukoni, ukiukoroga kwa mikono hadi ukiufinya ushikamane bila kuchuruzika, kwa sababu mchanganyiko uliotiwa mkavu hukataa maji baadaye. Jaza hadi zibaki sentimita 8 kufika ukingoni. Nafasi hiyo itatumika kwa matandazo na kwa maji kutulia yasimwagike nje.

Sakafuni weka vipande vya matofali au mbao ili hewa ipite chini. Ukiuweka mfuko juu ya udongo wa uani, mizizi itatoboa na kuingia ardhini. Mmea utafurahi, lakini siku ya kuhama utaukata mizizi hiyo yote.

Kupanda

Panda sakitu kali (umande unaoganda) inapokwisha, ambayo kwa sehemu nyingi za kaskazini ya Marekani na Ulaya ni kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei. Laza kipande katikati ya mfuko, macho yakitazama juu, kisha kifukie kwa sentimita 5 za udongo. Mwagilia kiasi cha kulowesha tu. Makosa mengi ya mwezi wa kwanza ni ya maji mengi, kwa sababu kipande kisichokuwa na mizizi hakinywi, na kikikaa kwenye tope huoza. Machipukizi hujitokeza baada ya wiki mbili au tatu, yakiwa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani.

Kamba na kuupandisha mmea

Hopsi haina vikonyo vya kushikia kama mzabibu. Shina lake lina vinywele vigumu vilivyopinda kama ndoano, na ndivyo vinavyokwaruza kamba na kujishikiza. Hivyo kamba ya nailoni laini haifai. Kamba inayofaa kuliko zote ni ya makumbi ya nazi, ile ile ambayo wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja huisokota baada ya makumbi kufukiwa ufukweni kwa miezi na kupigwa. Mashamba ya Yakima nayo hutumia kamba ya makumbi, inayoagizwa kutoka Sri Lanka, na huitundika upya kila mwaka kwenye waya zilizo juu kiasi cha mita 5.5. Katani pia inafaa.

Nyumbani mita 3 hadi 4 zinatosha. Funga kamba mbili kwenye ndoano iliyo juu, dirishani au kwenye nguzo, na chini uzifunge kwenye kigingi kilichochomekwa ndani ya mfuko, zikae umbo la V. Kama dari ni fupi, zipitishe mlalo baada ya kufika juu, kufuata ukingo wa roshani. Hakikisha ndoano inabeba uzito, maana mmea uliojaa majani, ukalowa mvua na kupigwa na upepo, huvuta kwa nguvu usiyoitarajia.

Machipukizi ya kwanza kabisa, manene na yenye uwazi ndani, yakate. Yana haraka ya kukua lakini huvunjika ovyo na mavuno yake ni duni kuliko ya yale yanayofuata. Usiyatupe: Wabelgiji wa Poperinge huyala kama mboga ya msimu, tena ya bei ghali, na yakikaangwa kwa siagi kidogo ni matamu. Katika mwaka wa kwanza mmea hauna nguvu ya kupoteza, kwa hiyo kazi hii ianze mwaka wa pili.

Machipukizi yanayofuata yakifika sentimita 40 hivi, chagua mawili au matatu kwa kila kamba na kuyazungusha taratibu kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukiyazungusha kinyume yatajifungua usiku na asubuhi utayakuta yamelala. Fanya kazi hii mchana jua likiwa limewaka, kwa kuwa asubuhi mashina huwa yamejaa maji na ncha hukatika kwa kuguswa tu. Ncha ikikatika, shina hilo haliendelei, chagua lingine. Vaa mikono mirefu na glavu, vinginevyo vile vinywele vitakuachia michirizi myekundu inayowasha hadi kesho yake. Machipukizi yaliyobaki yakate yote, na uendelee kuyakata kila wiki yanapochomoza.

Maji na mbolea

Hapa ndipo mfuko unapodai haki yake. Mwezi Mei chomeka kidole hadi kiungo cha pili, na ukikuta pakavu mwagilia. Kuanzia mwisho wa Juni, mmea ukiwa umefika juu na kutoa matawi ya pembeni, maji ni ya kila siku, na siku za joto la nyuzi 32 za Selsiasi na kuendelea ni asubuhi na jioni. Mwaga polepole, usubiri yazame, kisha umwage tena hadi yatokeze chini. Maji yakitoka ubavuni mara tu unapoyamwaga, usidhani mfuko umeshiba: udongo umekauka, umejivuta ndani na kuachana na kitambaa, nayo maji yanapita kwenye ufa huo bila kugusa mizizi. Dawa yake ni kuuketisha mfuko kwenye beseni pana lenye maji kwa saa moja au mbili hadi sehemu ya juu ipate unyevu, au, kama mfuko haunyanyuki, kutoboa udongo kwa kijiti sehemu kadhaa na kumwagilia kidogo kidogo.

Anayekwenda kazini alfajiri na kurudi usiku afunge mpira wa umwagiliaji wa matone wenye saa ya kujifungua yenyewe. Ni gharama ndogo ukilinganisha na mmea ulionyauka mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa sentimita 5, yawekwe bila kugusa mashina.

Hopsi hula sana. Kuanzia mashina yanapofika sentimita 30, tia mbolea ya maji yenye naitrojeni ya kutosha kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Acha naitrojeni mara unapoona maua machanga, ambayo ni vishada vidogo vya duara vyenye vinyuzi vyeupe vilivyosimama; ukiendelea utapata majani mazito yanayoalika vidukari. Ukoko mweupe unaojitokeza ubavuni mwa mfuko ni chumvi za mbolea na za maji ya bomba. Mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi safi hadi yatiririke chini kwa muda, ili uzisafishe.

Magonjwa na wadudu

Mmea ukishafika juu ya kamba, ondoa majani yote ya chini hadi urefu wa sentimita 60 kutoka udongoni. Hatua hiyo moja huzuia sehemu kubwa ya ubwiri vinyoya, ambao huanzia chini palipo na unyevu na hutambulika kwa machipukizi yaliyodumaa, majani yake yakiwa ya manjano na kujikunja. Chipukizi la namna hiyo likate na ulitupe mbali na mboji. Ubwiri unga huacha madoa meupe ya unga juu ya majani. Vidukari hukaa chini ya majani na huondolewa kwa maji ya kasi au sabuni ya kuulia wadudu; wadudu kobe, wale wekundu wenye madoa meusi, waache wafanye kazi yao ya kula vidukari. Utitiri hupenda joto na ukame, na ndio adui mkubwa wa roshani zinazoelekea kusini: majani huonekana kama yamedungwa sindano, na utando mwembamba hujitokeza. Nyunyizia maji chini ya majani asubuhi, yapate kukauka kabla ya usiku. Koni zikishatokea, usipulizie dawa yoyote ambayo haikuandikwa kwamba inafaa kwa hopsi.

Kuvuna na kukausha

Mwaka wa kwanza usitarajie zaidi ya viganja vichache. Mwaka wa pili na wa tatu ndipo mmea huonyesha uwezo wake, ingawa wa mfukoni hautafikia ule wa ardhini, ambao huweza kutoa nusu kilo hadi kilo moja ya koni kavu.

Koni huwa tayari kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba, na si zote kwa siku moja. Chuma moja ya juu na uiminye: isiyoiva ni laini, yenye ubaridi wa maji, na hubaki imebonyea; iliyoiva ni nyepesi, hulia kama karatasi, na ukiiachia hurudi umbo lake. Kisha ipasue kwa ukucha kuanzia kwenye kikonyo. Chini ya kila gamba utaona chembe za lupulini, unga unaobeba uchungu na harufu ya hopsi, ambazo kwenye koni changa ni za manjano hafifu na kwenye koni iliyoiva zimekolea, zinanata vidoleni na zina harufu kali, kwa Cascade ikiwa ya ganda la balungi. Ncha za magamba kuwa za kahawia kidogo si ubaya. Koni yote ikiwa ya kahawia na harufu imegeuka ya kitunguu saumu au jibini, umechelewa.

Chuma kwa mkono na uuache mmea kwenye kamba, ili majani yaendelee kulisha mizizi hadi yageuke manjano yenyewe. Wenye mashamba hukata shina zima kwa sababu ya mashine. Wewe huna sababu hiyo.

Koni mbichi zina maji ya takriban asilimia 80, nazo zinapaswa kukaushwa hadi asilimia 8 hadi 10. Zitandaze kwa tabaka moja juu ya wavu wa dirisha uliolazwa kwenye viti viwili, ndani ya chumba chenye giza na feni ikivuma kutoka chini. Zitakauka kwa siku mbili hadi nne. Kikausho cha matunda pia kinafaa, mradi joto lisizidi nyuzi 60. Mimi ningeliacha kwenye 50. Ukitaka uhakika, tumia mizani: gramu 100 za koni mbichi zikishafikia gramu 22 hivi, zimekauka. Asiye na mizani avunje koni katikati. Kijiti cha ndani kikipinda, bado, kikikatika, tayari. Watu wengi hudanganywa na magamba, ambayo hukauka mapema huku kijiti kikiwa na maji, na baada ya mwezi hukuta ukungu ndani ya mfuko.

Zifungashe kwenye mifuko iliyotolewa hewa na uziweke kwenye friza. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoharibu asidi za uchungu. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 inaruhusu mtu mzima kutengeneza bia ya matumizi ya nyumbani bila kuiuza; kwingineko angalia sheria za mahali ulipo. Asiyegusa pombe anaweza kuzishona ndani ya mto mdogo wa kulalia, matumizi ya miaka mingi huko Ulaya, au kuufurahia mmea kama kivuli cha dirisha. Wenye mbwa wawe waangalifu mno: hopsi, hata iliyokwisha kuchemshwa, humpandisha mbwa joto la mwili kiasi cha kumuua.

Baridi na miaka inayofuata

Sakitu ikishaua majani, kata mashina yabaki sentimita 10. Hopsi iliyo ardhini huvumilia baridi kali, lakini ndani ya mfuko mizizi huganda kutoka pande zote. Mahali ambapo halijoto hushuka chini ya nyuzi 10 hasi kwa siku mfululizo, ingiza mfuko kwenye gereji au stoo isiyopashwa joto. Usiuingize sebuleni, kwa kuwa joto la nyumba huuamsha mmea kabla ya wakati. Mwagilia kidogo mara moja kwa mwezi, udongo usikauke kabisa. Asiye na stoo aisogeze mifuko ikae pamoja ukutani, aizungushie magunia na majani makavu, na aifunike juu.

Kila mwaka wa tatu, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, laza mfuko ubavu, uvute bonge la mizizi litoke, na kwa msumeno mkongwe ukate theluthi moja ya nje na ya chini. Rudisha kilichobaki pamoja na mchanganyiko mpya. Mashina ya chini yenye macho uliyoyakata ni mbegu tosha: yafunge kwa gazeti lililoloweshwa kidogo, yatie kwenye mfuko wa plastiki na uyaweke kwenye jokofu, ambako yatakaa wiki kadhaa hadi utakapompata wa kumgawia. Awe ni mtu wa eneo lako, kwa kuwa kipande cha mmea hakivushwi mpaka wa nchi bila kibali cha afya ya mimea.